Bei ya fidia ya ajali kazini: Tanzania, Kenya na Marekani, ipi humfanya mwajiri atengeneze mashine na ipi humfanya atengeneze karatasi?

Sheria ya fidia kazini ina kazi mbili. Aliyeumia alipwe, na aliyemwajiri apate sababu ya kuzuia ajali inayofuata. Ya kwanza inategemea pesa zikusanywe. Ya pili inategemea zinavyokusanywa, na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Tanzania humtoza kila mwajiri kiwango kimoja. Kenya humpeleka kwa kampuni ya bima akapatane bei kulingana na aina ya kazi. Marekani, katika majimbo mengi, humtazama na historia yake mwenyewe ya ajali.

Nazilinganisha kwa ajili ya mwenye biashara anayetaka kujua anunue nini na ajihadhari na nini, na pia kwa viongozi wa vyama vya waajiri na vya wafanyakazi ambao huulizwa mfumo upi ni bora. Mfano wangu ni mmoja tu kote: karakana ya useremala yenye mafundi 12 na msumeno wa duara uliofungwa kwenye meza. Msumeno huo ulikuja na kinga ya kufunika meno. Kinga ile imetolewa, kwa sababu fundi anasema inamziba asione mstari wa penseli, na imetundikwa ukutani kwenye msumari. Karakana za namna hii ziko kila mji. Swali ni bei ipi itamfanya mwenye karakana aishushe kinga ile ukutani.

| | Tanzania | Kenya | Marekani (majimbo mengi) |
|---|---|---|---|
| Nani hulipa fidia | Mfuko mmoja wa umma | Kampuni ya bima uliyoichagua | Kampuni ya bima. Ohio, Washington, Wyoming na North Dakota ni mfuko wa jimbo |
| Bei inatoka wapi | Mishahara kwa asilimia 0.5 | Mishahara kwa kiwango cha aina ya kazi, kwa mapatano | Mishahara kwa kiwango cha kazi, mara historia ya ajali |
| Mtu akiumia | Bei haibadiliki | Inaweza kupanda siku ya kuhuisha bima | Hupanda na kukufuata miaka mitatu |
| Kishawishi kikubwa | Kutojali | Kuwaacha vibarua nje ya orodha | Kuficha ajali |

Tanzania: bei isiyosema kitu

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Mwanzoni sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5. Julai 2021 sekta binafsi ikashushiwa hadi 0.6, na Julai 2022 ikafika 0.5, sawa na ya umma. Mchango wote ni wa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Tuseme karakana yetu ina mishahara ya shilingi milioni 6 kwa mwezi. Mchango ni shilingi 30,000. Ofisi ya wahasibu iliyo jengo la pili, yenye mishahara hiyo hiyo, nayo inalipa 30,000. Fundi akikatwa vidole mwezi wa tatu, mwezi wa nne mchango ni 30,000. Mwenye karakana akiishusha kinga ukutani na kuifunga, ni 30,000 vilevile.

Hapo bei imenyamaza. Lakini ukimya huo una faida ambayo watu wengi hawaioni. Mwajiri wa Tanzania haongezewi mchango kwa sababu ameripoti ajali. Kinyume chake, akiripoti ndani ya siku saba kama sheria inavyotaka, Mfuko unabeba matibabu, unamlipa mgonjwa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda hadi miezi 24, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unakuwa pensheni ya kila mwezi. Asiporipoti, bili ya hospitali inabaki mezani kwake. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, kusema ukweli kunamlipa.

Kwa hiyo kwa mtu aliyekwisha kuumia, nauona mfumo huu kuwa bora kati ya mitatu. Kwa yule ambaye bado hajaumia, ndio dhaifu kuliko yote. Mhasibu anamchangia mchimba kokoto, jambo ambalo kwa upande wa mshikamano sina ugomvi nalo, ila mwenye machimbo hasikii uzito wa ajali zake. Mzigo wote wa kumsukuma unabaki kwa wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na mkaguzi hawezi kuwa kila karakana.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha kiwango kwa kazi za hatari. Tazama tena namba. Ukimzidishia mwenye karakana mara mbili, umemwongezea shilingi 30,000 kwa mwezi, bila kumwambia afanye nini ili zipungue. Atalipa na kunung'unika, na kinga itabaki ukutani.

Kenya: bei inayopatanwa

Sheria ya Kenya ya mafao ya kuumia kazini, ambayo kila mtu anaiita WIBA, ni ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri akate bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Asiyekata anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kifo au ulemavu wa kudumu wa asilimia mia ni mshahara wa miezi 96. Ulemavu wa chini ya hapo hupigwa kwa asilimia yake.

Bei huanza na fomu. Unaandika una makarani wangapi na mafundi wangapi, na jumla ya mishahara ya kila kundi kwa mwaka. Kila kundi lina kiwango chake, makarani chini, mafundi juu. Tuchukulie mafundi wetu 12 wanapata wastani wa shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600,000 kwa mwaka, na broka amekupatia kiwango cha asilimia 1.5. Ada ni 54,000. Juu yake huja tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, shilingi 108. Mchango wa mfuko wa kuwalinda wenye bima wa asilimia 0.25, shilingi 135. Na stempu ya shilingi 40. Jumla 54,283. Mwisho wa mwaka unapeleka mishahara halisi, na ada hurekebishwa.

Mfumo huu unazungumza kuliko wa Tanzania, maana karakana hailipi sawa na ofisi ya wahasibu. Na siku ya kuhuisha, kampuni hutazama madai uliyoleta: ukiwa na mengi, kiwango hupanda au wanakuacha. Tatizo ni kwamba sauti hiyo inavuja. Kampuni hii ikikupandishia, broka anakupeleka kwa nyingine inayotaka biashara mwaka huu. Ushindani uliokusudiwa kumpunguzia gharama mwajiri mwangalifu unampunguzia na asiye mwangalifu.

Shinikizo kubwa zaidi liko kwenye hesabu ya vichwa. Ada inatokana na mishahara, kwa hiyo mwajiri anayebanwa hapunguzi hatari, anapunguza majina. Kati ya mafundi 12, watatu ni vibarua wanaolipwa jioni kwa mkono. Anawaacha. Ameokoa robo ya ada, shilingi 13,500. Kisha mmoja wa wale watatu anapoteza kidole, na daktari anaandika ulemavu wa asilimia 10. Hesabu: 25,000 mara 96 ni 2,400,000, asilimia 10 yake ni 240,000, bado matibabu na mshahara wa muda aliolala. Kampuni ya bima ikiangalia orodha, jina halipo. Deni halifutiki kwa sababu hiyo. Sheria humdai mwajiri kwanza. Bima ni njia yake ya kulipa tu. Ameweka rehani zaidi ya ada ya miaka minne kwa ajili ya 13,500.

Jambo jingine lililoathiri bei ya Kenya ni mahakama. Sheria ilitaka madai yapitie kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si kortini. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu kadhaa, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha kuwa njia ni ya Mkurugenzi. Kwa miaka kumi hiyo mwajiri hakuwa na uhakika fundi wake atadai kwa mlango upi, ndiyo maana wengi walijifunza kununua na bima ya dhima ya mwajiri, ya kulipia madai ya kortini, juu ya WIBA. Wapo wanaoendelea kuinunua kwa mazoea bila kuuliza inafunika nini leo.

Marekani: bei inayokukumbuka

Huko kila kazi ina namba yake ya daraja na bei kwa kila dola 100 za mishahara. Jumla hiyo huzidishwa kwa kizidisho ambacho makontrakta hukiita mod. Mwajiri wa kawaida ana 1.00. Ajali zako zikiwa chache kuliko za wenzako wa kazi hiyo hiyo unashuka chini ya moja, zikizidi unapanda. Katika majimbo mengi taasisi iitwayo NCCI ndiyo inayokokotoa, kwa kutumia miaka mitatu huku mwaka wa karibuni ukirukwa. Bima inayoanza Januari 2026 huangalia bima za 2022, 2023 na 2024.

Tuihamishie karakana yetu huko, yenye mishahara ya dola 400,000 kwa mwaka na bei ya mfano ya dola 8 kwa mia. Msingi ni dola 32,000. Kwa mod ya 0.85 unalipa 27,200; kwa 1.25 unalipa 40,000. Tofauti ni dola 12,800 kila mwaka. Kwa pesa hiyo mwenye karakana haulizi mara mbili kama kinga ni muhimu. Atanunua na msumeno mpya. Na mod haina mahali pa kukimbilia. Ukihama kampuni ya bima inakufuata.

Tena ukokotoaji huo hupima idadi ya ajali kwa uzito zaidi kuliko ukubwa wa moja. Sehemu ya kwanza ya kila dai huhesabiwa yote, iliyozidi hapo huhesabiwa kwa kupunguzwa. Ajali tano ndogo zinaumiza mod kuliko moja kubwa ya gharama ileile, na mantiki yake nzuri: penye ajali ndogo nyingi, kubwa iko njiani.

Lakini sasa msikilize mwenye karakana siku fundi anapokatwa na kushonwa nyuzi sita. Bili ya kliniki tuseme ni dola 900. Akiipeleka bima, anahofia mod itapanda na ada yake iwe juu kwa miaka mitatu. Anatoa pesa mfukoni, anamwambia fundi "hili tulimalize wenyewe." Wiki tatu baadaye mkono umevimba usaha, na hakuna karatasi inayoonyesha kuwa aliumia kazini.

Kuna na hila ya kati, ambayo ina uso mzuri na uso mbaya. Katika majimbo mengi yanayofuata NCCI, dai la matibabu pekee, ambalo halijafikia kulipa mshahara, huhesabiwa asilimia 30 tu. Malipo ya mshahara huanza baada ya siku za kungoja, kati ya tatu na saba kulingana na jimbo. Mwajiri mwenye akili anamwita fundi mapema, anampa kazi nyepesi ya kupokea simu na kupanga risiti. Kwa mwenye kidole kilichofungwa bendeji, hilo ni jema: analipwa kamili na hapotezi nafasi yake. Kwa mwenye mgongo ulioteguka anayelazimishwa kukaa saa nane kwenye kiti cha plastiki ili siku ya nne isifike, ni ukatili.

Yako pia makampuni yanayotoa zawadi kwa kikosi kikipitisha siku kadhaa bila ajali. Matokeo yake wenzako ndio wanaokuomba unyamaze. Mwaka 2016 OSHA ya Marekani, isiyohusiana na ya Tanzania, ilitoa kanuni inayokataza kumwadhibu mtu kwa kuripoti jeraha, ikagusa hata zawadi hizo pale zinapowatisha watu wasiripoti. Na kwa kuwa wateja wakubwa wa ujenzi huuliza mod kabla ya kukupa zabuni, wengi wakitaka isizidi 1.00, ajali moja inaweza kukugharimu mkataba mzima. Kwa wengine njia ya kukwepa ni kumwita dereva au fundi kuwa mkandarasi huru, asiingie kwenye mishahara kabisa. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoendesha malori na kufanya kazi za maghala huko wanalijua hilo vizuri.

(Washington ina jambo la kuvutia: hutoza kwa saa za kazi badala ya mishahara. Ukimpandishia fundi mshahara, ada haipandi. Natamani wengine waliangalie.)

Basi uchague nini

Kama uko Kenya na una watu chini ya hamsini, usianze na swali la kiwango. Anza na orodha. Waandike vibarua wote, pamoja na wa msimu, kwa makadirio ya mishahara yao, maana ada itarekebishwa mwisho wa mwaka. Halafu uliza ukomo wa matibabu kwa kila mtu. Mikataba ya bei nafuu huwa na ukomo mdogo, ilhali sheria inakutaka ulipie matibabu yote yanayostahili. Kinachozidi ukomo ni chako. Kati ya mkataba wa 54,000 wenye ukomo mdogo na wa 65,000 wenye ukomo unaotosha upasuaji na siku kadhaa za kulazwa, ningechukua wa pili bila kusita.

WIBA Plus, inayoongeza kinga hata nje ya saa za kazi, inawafaa zaidi wenye wafanyakazi wanaosafiri au wanaolala kambini. Kwa karakana, pesa hiyo heri iende kwenye mashine. Bima ya dhima ya mwajiri inunue ukishaelezwa kwa maandishi ni dai gani itakayolilipa ambalo WIBA hailipi. Na ukipewa punguzo la ada kwa kukubali kubeba sehemu ya kwanza ya kila dai, likatae. Hapo utakuwa umejijengea mfumo wa Marekani kwa mkono wako: kila jeraha dogo litakuwa pesa yako, na msimamizi wako ataanza kuyamaliza kimyakimya.

Tanzania huna bei ya kuchagua. Ulicho nacho ni pengo: bima ya biashara ingekugharimu zaidi kwa kazi ya hatari, na Mfuko haukutozi hivyo. Chukua tofauti hiyo kila mwaka uifanye bajeti ya usalama. Kwa karakana, kitu cha kwanza ni kinga inayoinuka yenyewe ubao unapopita, ili fundi auone mstari wake. Ile ya zamani haikuondolewa kwa ukaidi. Ilikuwa mbaya kwa kazi.

Marekani mwenye biashara ndogo mara nyingi hafikii kiwango cha ada kinachompa mod, kwa hiyo bei yake ni ya daraja tu. Ahakikishe namba ya daraja ni sahihi. Anayefikia, aombe karatasi ya ukokotoaji na aisome dai kwa dai, kwa sababu dai lililofungwa kwa dola 2,000 wakati mwingine limebaki likihesabiwa kwa makadirio ya 15,000. Hapo ndipo pa kuokoa pesa kwa haki. Na aliye Texas akumbuke kwamba kutojiunga na bima kunaruhusiwa kwa mwajiri binafsi, lakini fundi aliyeumia anaweza kumshtaki kwa uzembe, na mwajiri huyo anakuwa amepoteza utetezi mwingi wa kawaida.

Kwa wanaoulizwa kuhusu mfumo wa nchi, Ufaransa ina jibu ninalolipenda. Kampuni ya watu chini ya 20 hulipa kiwango cha pamoja cha kazi yake. Kuanzia 150 hulipa kwa historia yake yenyewe. Walio katikati huchanganyiwa. Sababu ni ya hesabu: kwenye karakana ya watu 12, miaka mitatu bila ajali inaweza kuwa uangalifu au bahati tu, na bei haiwezi kuzitenganisha. Kwenye kiwanda cha watu 500 inaweza. Kwa Tanzania ningeongeza punguzo dogo kwa karakana ambayo mkaguzi ameingia, akakuta kinga imefungwa na swichi ya dharura inafanya kazi. Punguzo la namna hiyo halimpi mtu sababu ya kuficha jeraha, kwa kuwa jeraha halimo kwenye hesabu yake.

Na wewe fundi, bei yoyote mwajiri wako anayolipa, ripoti siku hiyohiyo, hata kama ni nyuzi mbili na hata akikuahidi kulipia. Kenya, ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya mafao. Ripoti kwa ujumbe wa simu ili tarehe ibaki, taja mashine na saa, na hospitalini mwambie anayeandika faili kuwa umeumia kazini, kisha usome alichoandika kabla hujaondoka.